Mbao Zikauke Kwanza: Epoksi na Boti za Ziwa Kivu

Kanzenze haina ufuko. Ni moja ya sekta 12 za wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, nayo iko juu milimani, mbali na maji ya Kivu, mahali ambapo watu hulima viazi katika udongo wa volkano na kupanda mikaratusi mipakani mwa mashamba. Anayetafuta habari za boti ataipita bila kusimama, ateremke moja kwa moja hadi Gisenyi au Nyamyumba ziliko nyavu na injini. Mimi naona ni kosa kuipita. Boti ya ziwa hili huanza na mti, na miti iko huku juu. Kama gundi ya epoksi itawafaa kweli waunda boti wa Kivu, sehemu ngumu ya kazi itafanyika mlimani, miezi mingi kabla kopo la gundi halijafunguliwa.

Tuanze na boti zenyewe. Sambaza, yule samaki mdogo ambaye ndugu zetu wa Ziwa Tanganyika humhesabu katika dagaa wao, aliletwa Kivu kutoka ziwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1950. Kumvua kwa taa na wavu wa kushusha kulienea miongo miwili baadaye. Tangu hapo boti za Kivu zimekuwa na umbo lisilosahaulika: mitumbwi mitatu ya mbao iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu ya mkaratusi, huku miti mingine ikichomoza mbele na nyuma kubeba wavu. Usiku usio na mbalamwezi taa huwashwa, samaki hukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu huinuliwa kwa mikono. Kwa jinsi hii mbao hubeba mzigo mzito mara nyingi kwa usiku mmoja, na kila wimbi linapopita mitumbwi mitatu huvutana, kila mmoja ukitaka kwenda njia yake.

Mbao hizo kwa kawaida ni za mkaratusi uliopasuliwa ungali mbichi na kupigiliwa misumari kabla haujakauka. Baadaye ubao hukauka ukiwa tayari kwenye boti, hunywea, lakini pale penye msumari huzuiwa kunywea, kwa hiyo ufa huanzia hapo. Maji huingia kwenye ufa, msumari hushika kutu, na kutu nayo huozesha nyuzi za mti zinazouzunguka. Fundi hukalafati upya, anaziba kwa pamba au kitambaa, na msimu unaofuata anarudia. Baharini adui mkubwa ni mnyoo anayekula mbao, ndiyo maana mafundi wa pwani hupaka deheni ya chokaa na mafuta chini ya vyombo vyao. Kivu haina mnyoo huyo. Kinachoua boti hapa ni kuvu na huko kulowa na kukauka kusikokoma, na vyote viwili huanzia kwenye maungio.

Sehemu ya pili ya tatizo ni umbo. Taruma, ule ubavu wa ndani unaoshika mbao za ubavuni, linatakiwa lipinde. Waunda majahazi wa Lamu na Pemba walitafuta mti uliojipinda wenyewe, tawi au shina ambalo nyuzi zake zinafuata mzunguko, wakalichonga kwa tezo. Ukikata taruma lililopinda kutoka ubao ulionyooka, nyuzi hukatwa katikati ya mzunguko na hapo ndipo litakapovunjika. Kwa Rubavu, mti uliojipinda ungetoka wapi leo? Msitu wa Gishwati, uliokuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na kama hekta 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya malisho, mashamba na makazi ya waliokimbia vita kuumeza. Kilichosalia kimeunganishwa na msitu wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, na ni haki kabisa kwamba hakuna fundi atakayeruhusiwa kuingia na shoka. Kwa hiyo tunabaki na miti ya kupandwa: mikaratusi, paini, grevilea na misipresi, iliyokatwa ikiwa michanga, myembamba na iliyonyooka. Swali la fundi wa leo ni namna ya kutoa kipande kikubwa, kilichopinda na chenye nguvu, katika miti midogo iliyonyooka.

Epoksi ndiyo jibu lililo tayari, na asili yake haina uhusiano wowote na boti. Pierre Castan, mkemia wa Uswisi, alikuwa akitafuta malighafi ya meno ya bandia katika miaka ya 1930. Haki za ugunduzi wake zilichukuliwa na kampuni ya Ciba, na mwaka 1946 gundi iliyoitwa Araldite ikaingia sokoni. Jina hilo linajulikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi Afrika Mashariki, katika vile vibomba viwili vidogo vinavyouzwa pamoja. Wakati uleule Sylvan Greenlee alikuwa akifanya kazi inayofanana nayo Marekani. Kwa upande wa boti, hatua kubwa ilipigwa na ndugu Gougeon wa mji wa Bay City, jimbo la Michigan. Mwaka 1970 walizindua Adagio, chombo cha mbao chenye urefu wa karibu mita 10.7 kilichounganishwa kwa epoksi bila misumari, na chenye miili mitatu kama vyombo vya sambaza. Tofauti ni kwamba wao walijenga karibu na ziwa kubwa la maji baridi, katika eneo lenye viwanda, ambako mbao kavu hununuliwa dukani.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo.

Epoksi huuzwa kwa sehemu mbili, rezini na hadina. Zikichanganywa, molekuli za moja hushikamana na za nyingine hadi zote ziwe mtandao mmoja mgumu. Hapa hakuna kinachokauka kwa maana ya maji au mvuke kuondoka. Kilichomo ndani ya kopo ndicho kitakachobaki kwenye kiungo. Ndiyo sababu gundi hii haipungui sana ujazo wala haihitaji kubanwa kwa nguvu nyingi. Ndiyo sababu pia vipimo vyake havibadilishwi. Kila mtengenezaji hutoa uwiano wake, tano kwa moja, tatu kwa moja, mbili kwa moja au moja kwa moja, na lazima mtu asome kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito, kwa kuwa rezini na hadina hazina uzito sawa kwa lita. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu ni kifaa muhimu kuliko jiriwa yoyote.

Nalisisitiza hili kwa sababu mafundi wengi wa eneo letu walijifunza kazi ya rezini kupitia faiba, ile rezini ya poliesta ya kutengenezea matangi na boti za pwani. Katika poliesta, kichocheo ni tone dogo, asilimia moja au mbili, na fundi mzoefu huongeza kidogo siku ya baridi na kupunguza siku ya joto. Ni ujuzi halali kwa poliesta. Ukiupeleka kwenye epoksi, umeharibu kazi. Hadina ya epoksi ni sehemu ya jengo lenyewe. Ukizidisha, sehemu iliyokosa mwenza hubaki ndani, kiungo hukaa kama mpira, na hakuna kusubiri kutakakokigumisha. Anayetaka kuongeza kasi hununua hadina ya haraka, au hupasha chumba joto. Na poliesta yenyewe haifai kuunganishia mbao: hushika kwa muda, kisha mti unapotanuka na kunywea huachia taratibu, na fundi hulaumu mti.

Sasa mbao. Epoksi inataka ubao wenye unyevu usiozidi asilimia 12 hivi ya uzito wake mkavu. Mkaratusi uliokatwa leo unaweza kuwa na maji mara kadhaa ya kiasi hicho. Kipimo hakihitaji mashine ya gharama. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, wala usikikate kwenye kichwa chake, ambako hukauka upesi na kudanganya. Kipime kwa gramu, kiweke katika tanuri la kuoka mikate likiwa kwenye moto mdogo wa kama digrii 100, ukipime tena kila baada ya saa kadhaa hadi uzito usishuke zaidi. Kikiwa gramu 230 mwanzoni na gramu 200 mwishoni, tofauti ya 30 ukiigawa kwa 200 ni asilimia 15. Bado. Kingeanza na gramu 224 kingekuwa kwenye asilimia 12, na kazi ingeanza.

Kufikia hapo ni shughuli. Mkaratusi una mkazo ndani ya shina, hivyo hupasuka na kujikunja msumeno unapopita, na ukikaushwa haraka juani hupasuka zaidi. Mbao zinatakiwa zipangwe kivulini, zikiinuliwa kutoka ardhini, na vijiti vya unene mmoja vitenganishe kila safu ili upepo upite. Vichwa vya mbao vipakwe rangi nzito ili visikauke kabla ya katikati. Na mzigo uwekwe juu kuzuia kujipinda. Kwa unene wa sentimita mbili na nusu ni kazi ya miezi. Hata hivyo hewa yenyewe huweka mpaka. Ubao ulioachwa katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80 hutulia karibu na asilimia 16 na hautashuka zaidi hata ukikaa mwaka. Katika hewa ya asilimia 65 hufika 12. Huko Kanzenze, ambako ukungu ni jambo la kila asubuhi katika miezi ya mvua, kibanda hakitoshi. Hatua ya mwisho inahitaji chumba kidogo cha jua, chenye paa la karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, bati jeusi ndani na matundu ya kutolea mvuke. Seremala yeyote anaweza kukijenga. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kukubali kwamba mbao zilizolala pale ni kazi inayoendelea, ingawa kwa macho hakuna kinachotokea.

Ubao ukishakuwa mkavu, ndipo uzuri wa epoksi unapoonekana. Chukua taruma. Badala ya kutafuta tawi lililopinda, fundi hupasua vipande vyembamba vya milimita nne au tano, huvipaka gundi, huvikunja vyote kwa pamoja juu ya kalibu yenye umbo analotaka, na kuvibana hadi kesho yake. Nyuzi za kila kipande hufuata mzunguko kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ukifungua jiriwa, kipande hurudi nyuma kidogo, na kiasi cha kurudi hukadiriwa kabla: gawa mkunjo kwa idadi ya tabaka ikizidishwa kwa yenyewe. Tabaka nne hurudisha sehemu moja katika 16. Tabaka nane hurudisha moja katika 64, kiasi ambacho jicho halikioni. Tabaka nyingi nyembamba hutoa umbo la uhakika lakini hula gundi zaidi, na gundi ndiyo ghali. Kwa taruma la mtumbwi, tano au sita naona zinatosha.

Kwa ubao mfupi kuna kiungo cha mshazari. Vichwa viwili huchongwa kwa randa hadi viwe na mteremko mrefu, mara nane ya unene kwa mbao za kawaida, mara 12 kwa mlingoti au kasia. Ubao wa sentimita 2.5 unahitaji mteremko wa sentimita 20. Watu hushangaa urefu huo na kutamani kuufupisha. Sababu yake ni kwamba gundi hushika vizuri ubavuni mwa nyuzi na vibaya kwenye vichwa vya nyuzi, ambavyo hunywa gundi kama mrija. Mteremko mrefu hugeuza kichwa kuwa karibu na ubavu. Hata hivyo, kwanza upakwe epoksi nyepesi, uachwe inywewe, upakwe tena, kisha ndipo ije epoksi iliyokolezwa kwa unga laini wa mbao au silika hadi itulie bila kuchuruzika. Ukibana, bana kwa kiasi: gundi ikitokeza kidogo pembeni kwa urefu wote, simama. Jiriwa ikikazwa kama ya seremala wa milango, gundi yote hutoka na kiungo hubaki na njaa.

Mkaratusi mgumu una tatizo lake jingine. Ni mzito na umeshiba, gundi haipenyi kwa urahisi kama kwenye paini au msipresi. Uso wake unatakiwa upigwe randa au msasa siku ileile ya kuunganishwa, na viungo vya majaribio vivunjwe kwa nyundo kabla ya kuamini. Mti ukichanika na gundi ikabaki nzima, kazi ni njema. Nyuso mbili zikiachana safi, kuna kosa la unyevu, la uchafu au la kipimo, na lazima litafutwe kabla ya kuendelea. Kwa sehemu zinazokunjwa ningeanza na msipresi au grevilea, miti myepesi na mipole, na kuacha mkaratusi kwa sehemu za kusuguliwa na kugongwa.

Je, boti nzima ijengwe hivyo? Hapa naachana na wanaoiuza epoksi kama dawa ya kila kitu. Kuipaka juu ya mtumbwi wa mbao mbichi uliopigiliwa misumari ni kupoteza fedha: mbao zitaendelea kusogea, ganda gumu litapasuka, maji yataingia nyuma yake na kufungiwa humo, na kuoza kutaenda kasi kuliko zamani. Tena mtumbwi wa kawaida una sifa ambayo haifai kutupwa. Unafunguliwa ubao kwa ubao, kama jahazi, na fundi wa ufukoni mwenye nyundo na patasi anaweza kubadilisha ubao mmoja uliooza. Kiungo cha epoksi hakifunguliwi, hukatwa. Kwa hiyo gundi ningeipa zile sehemu zinazotengenezwa peke yake, zinazofungwa kwa bolti na kutolewa zikiwa nzima: mataruma, ubao wa nyuma unaobeba injini, usukani, makasia, viti vinavyokatiza mtumbwi. Ile miti mirefu inayounganisha mitumbwi mitatu ningeiacha kama ilivyo. Mti mzima wa mkaratusi, ukiwa na nyuzi zake zote hazijakatwa, ni bora na rahisi kuliko boriti yoyote ya tabaka ambayo karakana ndogo ingeweza kuitengeneza.

Na ningeanza na boti za uvuvi kabla ya zile za abiria. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, upande wa Kongo, ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na wengi walikufa. Msiba wa namna hiyo hauzuiwi na taruma zuri. Taruma hilo halitakiwi kamwe kuwa kisingizio cha kusema kwamba boti imeimarishwa, kwa hiyo iongezwe mzigo.

Tukirudi kwenye zile sehemu za kufungwa kwa bolti: pale bolti inapopita, toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi iliyokolezwa, na ikishagumuka toboa upya katikati yake kwa kipimo cha bolti. Maji hayatagusa nyuzi za mti hata bolti ikilegea. Sehemu iliyounganishwa vizuri na kupakwa pande zote huanza kuoza kwenye tundu moja lililosahaulika.

Baridi ya mlimani nayo ina hesabu yake. Kwa kadiri ya jumla, kila joto likishuka kwa digrii 10, epoksi huchukua karibu mara mbili ya muda kugumuka. Ufuo wa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi. Kanzenze iko mamia ya mita juu yake, na usiku wake ni wa blanketi. Kiungo kilichobanwa jioni hakitakuwa tayari alfajiri, na hewa baridi yenye unyevu huacha juu ya gundi utando kama wa nta unaozuia tabaka linalofuata lisishike. Utando huo huoshwa kwa maji safi na kitambaa, kisha msasa. Upande wa pili ni jua. Miale yake huvunja epoksi iliyo wazi ndani ya miezi, na epoksi nyingi zinazogumuka bila kupashwa moto huanza kulegea joto likikaribia digrii 50 au 60, kiwango ambacho ubao uliopakwa rangi nyeusi unaweza kukikaribia saa saba mchana. Rangi nyeupe, au nyepesi yoyote, ni sehemu ya ujenzi.

Afya ya fundi hailindwi kwa ushujaa. Hadina huamsha mzio wa ngozi unaoweza kuja baada ya miaka ya kazi bila dalili, na ukishakuja hauondoki. Fundi huyo hatagusa tena epoksi bila kuvimba. Glavu zivaliwe kila mara. Kilichomwagika kwenye ngozi kisioshwe kwa thina, maana thina hukipeleka ndani zaidi. Sabuni na maji hutosha, na siki husafisha vyombo. Vumbi la msasa la epoksi ambayo haijakomaa ni baya kama gundi yenyewe, na barakoa ya kitambaa hailizuii. Mchanganyiko ukiachwa mwingi ndani ya kopo jembamba hujipasha wenyewe hadi kutoa moshi. Umwagwe kwenye sinia pana mara baada ya kuchanganywa.

Kwenye ziwa, kila mwaka uvuvi wa sambaza husimamishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane. Boti huvutwa ufukoni, nyavu hushonwa, na huo ndio wakati wa fundi. Ni nafasi njema ya kufunga mataruma mapya na ubao mpya wa injini, lakini miezi miwili haikaushi mkaratusi. Mbao za msimu huo zinatakiwa ziwe zimepasuliwa karibu mwaka mmoja nyuma, na vipande viwe vimeunganishwa na kupakwa rangi kabla boti haijatoka majini. Kwa hiyo karakana haina haja ya kuwa ufukoni kabisa. Inaweza kuwa Kanzenze, karibu na miti na barabara, na kuteremsha Nyamyumba sehemu zilizokamilika kwa vipimo vilivyochukuliwa mapema kwenye kila mtumbwi. Chuo cha ufundi kama kile cha Karongi, wilaya inayopakana na ziwa hilihili, kingeweza kufundisha kupima unyevu na kuvunja viungo vya majaribio kwa muda mfupi tu.

Kinachokwamisha ni fedha iliyolala. Seremala mdogo hununua mbao Jumatatu ili auze meza Ijumaa; huwezi kumwomba aweke mtaji wake kwenye rundo la mbao zinazokauka kwa miezi minane kwa ajili ya mteja ambaye atalipa msimu wa sambaza ukifunguliwa. Ushirika wa wavuvi unaweza kubeba mzigo huo, kwa kuwa wenyewe ndio utakaonufaika na taruma linalodumu. Unanunua mbao wakati samaki wanapatikana na fedha ipo, unalipa kidogo kidogo gharama ya kibanda na mlinzi, na unaandika kwenye kila rundo tarehe ya kupasuliwa na uzito wa kipande cha kipimo. Epoksi yenyewe inunuliwe mwishoni, kopo moja au mawili kwa wakati, baada ya mizani kusoma 12.